Masikio ya Kuazima

Mwalimu alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Mumewe, fundi bati, alizoea kusema kwamba alimsikia kabla hajamwona, na hakuwa anatania. Siku walipokutana, alikuwa juu ya paa la shule akifunga mfereji wa maji ya mvua. Chini yake, darasani, mwanamke aliwaambia watoto waweke kiganja chini ya kidevu, kisha waseme "sahani" polepole.

"Kidevu kimegonga mkono mara ngapi?"

"Mara tatu," watoto walijibu.

Fundi naye, huko juu, akaweka kiganja chini ya kidevu chake chenye vumbi la kutu. Akasema sahani. Mara tatu. Akacheka peke yake hadi nyundo ikamponyoka ikatua kwenye maua ya Mwalimu Mkuu. Mwanamke mwenye sauti akatoka nje kuona ni nani anayetupia watu vyuma.

Huyo ndiye aliyemwoa.

Hawakujaliwa mtoto. Mwalimu alisema ana wa kumtosha, kila mwaka wanakuja wapya, na wote hawajui kupenga kamasi. Alifundisha darasa la kwanza tangu ujana wake hadi mvi zikajaa. Walitaka kumpandisha darasa la saba akakataa. Walitaka kumpa ofisi akakataa.

Watu wengi hudhani mtoto anaanza kusoma siku anapoonyeshwa herufi. Mwalimu hakukubali. Kwake muhula wa kwanza hakuna kalamu. Watoto walipiga makofi. Walipiga kofi moja kwa kila kipande cha neno. Walitafuta maneno yanayoanza sawa. Mwishoni, hapo ndipo penye kazi, waliingia ndani ya kipande chenyewe na kuchomoa sauti moja moja, kama mtu anavyotoa mwiba.

Wazazi walimjia juu. "Mwalimu, mwanangu namleta shule aje kupiga makofi?"

"Ndiyo, mama. Atapiga makofi mpaka asikie. Asiposikia, hizo herufi atazikariri kama kasuku, na mwaka ujao utarudi hapa unalia."

Mzazi akaondoka anasonya. Mwaka ujao mtoto alisoma, na mzazi hakurudi kusema asante. Ndivyo walivyo.

Fundi hakwenda shule. Baba yake alimpa nyundo akiwa mdogo, na nyundo haikumwachia mkono. Mwalimu alimwambia mara nyingi, Fundi, kaa hapa nikufundishe, naye akasema kesho. Kesho zikapita. Lakini kazi ya mkewe aliielewa kwa njia yake. Neno ni ndoo ya bati. Mtu wa kawaida anaona ndoo. Fundi anaona maungio, pale palipokunjwa na pale palipotiwa risasi ya kulehemu. Mwalimu aliwafundisha watoto kuona maungio ya maneno. Hivyo ndivyo Fundi alivyowaeleza wateja wake, na wateja walisema huyu naye kaoa mwalimu, sasa ndoo imekuwa somo.

Kisha ikaja homa. Mwalimu alilala kitandani hadi wakadhani hainuki tena. Alipoinuka, dunia ilikuwa imepunguza sauti. Kwanza aliacha kusikia ndege, baadaye kengele. Daktari alimwangalia masikio kwa taa yake ndogo, akasema mshipa wa ndani umekufa na unaendelea kufa, na kile kifaa cha kuvaa sikioni hakitamsaidia.

Dada yake Mwalimu hakumwamini daktari.

"Ni nyundo zako, shemeji," alimwambia Fundi. "Miaka yote unamtwanga dada yangu masikio kama mtu anayetwanga mahindi."

"Mimi ninayeshika nyundo mbona nasikia?"

"Wewe ni bati, shemeji. Bati linaumwa?"

Kuanzia siku hiyo Fundi alihamishia kazi uwanjani nyuma ya nyumba, akawa anatandika gunia chini ya bati kabla ya kugonga. Gunia halikusaidia kitu. Mwalimu alikuwa hasikii nyundo wala gunia.

Siri waliijua watatu tu. Mwalimu alisoma midomo ya watu. Ya mumewe aliisoma vizuri, ya dada yake kidogo, na pale mambo yalipokwama dada alichukua kibao na chaki akaandika. Fundi hakujua kuandika. Neno lisiposomeka mdomoni mwake, alirudia, akarudia, kisha akanyamaza, na Mwalimu akasema basi, tutazungumza baadaye. Mengi yalibaki huko baadaye.

Jioni moja walikuwa jikoni. Fundi alikaa kwenye mwanga, kwa sababu midomo gizani haisomeki.

"Wakijua, watanitoa darasani," Mwalimu alisema. Alikuwa anapaza sauti bila kujua. "Nikitoka darasani nimekwisha, Fundi. Kule najua kila neno litakalosemwa, kwa sababu nimelipanga mwenyewe. Kule bado naongea na watu. Hapa nitakaa nitazame midomo yako mpaka nife. Nawe unajijua. Maneno yako yanahesabika."

"Sasa tufanyeje?"

"Makofi nayaona. Kidevu kikigonga mkono nakiona. Lakini nikifika kwenye sauti moja moja, sioni. K iko nyuma kabisa ya mdomo. Na hawa wa mwaka huu hawana meno ya mbele, midomo yao ni vurugu tupu. Ninahitaji masikio." Akamtazama. "Wewe unayo."

"Mimi? Mimi sijui hata a."

"Huu si mchezo wa herufi. Ni wa masikio tu. Haya, paka na panya, yanaanza sawa?"

Fundi akasema paka, akasema panya. "Yanaanza sawa."

"Paka na kuku?"

"Wapi na wapi."

Mwalimu akafurahi, akampigia kofi begani. Hakumpima zaidi. Alikuwa na haraka, na mtu mwenye haraka huona anachotaka kuona. Sisemi kwamba alikosea kwa uzembe. Alikuwa mtu wa kazi hii maisha yake yote, na kwake kusikia sauti ya kwanza ya neno kulikuwa rahisi kama kuona pua ya mtu. Hakufikiria kwamba yuko mtu mzima mwenye masikio mazima asiyeweza.

Fundi akaenda kwa Mwalimu Mkuu na kofia mkononi. Akasema madirisha ya bati ya darasa la kwanza yameoza kwa kutu, na madawati yamechanika kingo za bati yanawakata watoto. Atayatengeneza bure, kwa ajili ya Mungu. Mkuu alishukuru sana. Hakujua kwamba Fundi atakaa humo muhula mzima.

"Fundi, dirisha hili halijaisha tu?" aliuliza kila alipopita.

"Dirisha lina mambo, Mkuu."

"Hata mke huwa hana mambo hivyo."

"Huyo naye anayo."

Mkuu akacheka akaenda zake. Fundi alikaa nyuma ya darasa kwenye kigoda, mkasi wa bati magotini, akijifanya anapima. Mwalimu alisimama mbele. Alitoa neno, akachagua mtoto, mtoto akajibu. Mwalimu akatupa jicho nyuma. Kidole gumba juu, mtoto amepata. Ngumi, amekosa. Ilikwenda vizuri kiasi kwamba Fundi alianza kwenda shule akiwa amenyoa ndevu.

Kulikuwa na msichana mmoja waliyemwita Bibi Harusi, kwa sababu alitembea polepole kama anayesindikizwa. Alikuwa amerudia darasa la kwanza. Wenzake walikwishapanda, yeye kabaki, miguu haienei chini ya dawati. Mwalimu alimtia moyoni.

"Huyu si mjinga," alimwambia Fundi njiani. "Ana mlango uliokwama. Akisikia sauti moja, moja tu, mlango utafunguka."

Asubuhi moja Mwalimu alimwita. "Kuku. Linaanza na sauti gani, mwanangu?"

Bibi Harusi akafikiri. Darasa likangoja. Akasema kwa sauti ndogo, "Ku."

Fundi alisikia wazi. Kuku. Ku. Ndiyo mwanzo wenyewe, una mwanzo gani mwingine? Akainua kidole juu kabisa. Mwalimu akamkumbatia mtoto mbele ya wote, na Bibi Harusi akarudi kwenye dawati lake anatembea haraka kwa mara ya kwanza.

Tangu siku hiyo Mwalimu alikuwa mtu mwingine nyumbani. Aliimba akiosha vyombo, akiwa hasikii sauti yake, na nyimbo zikaenda kombo, na Fundi hakutamani zinyooke. Watoto wote walikuwa wanapata. Samaki, sa. Embe, e. Bata, ba. Kidole juu, kidole juu. Mwalimu alisema hajawahi kuwa na darasa kama hilo.

Jambo moja Fundi aliliona, akalipuuza. Watoto walikuwa wamejua. Mtoto akishajibu, hakumtazama Mwalimu tena. Aligeuka nyuma kutafuta kidole.

Mkaguzi alikuja muhula unapokaribia kwisha. Alikuwa mwanamke kijana, viatu safi, mpole wa maneno. Mkuu alimleta hadi mlangoni akamwacha. Mwalimu alisimama wima. Fundi akataka kutoka, lakini atoke vipi, na masikio ya mwenzake anayo yeye? Akashika mkasi wake akainamia bati.

"Naomba niwaulize mwenyewe," mkaguzi alisema, na Mwalimu, aliyeiona midomo yake, akampisha.

"Nani ataniambia, neno kuku linaanza na sauti gani?"

Mikono ikapanda yote. Mkaguzi akamchagua Bibi Harusi, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akijinyoosha kuliko wote.

"Ku," alisema Bibi Harusi, kwa sauti ya mtu anayejua. Akageuka nyuma.

Kidole cha Fundi kilikuwa juu.

"Ku, sawa," mkaguzi alisema. "Sasa ndani ya hiyo ku, sauti ya kwanza kabisa ni ipi? Ile ya mwanzo tu."

Bibi Harusi alimtazama Fundi. Kisha darasa zima likageuka likamtazama Fundi. Yeye mwenyewe alikuwa anajaribu kimoyomoyo. Ku. Ndani ya ku. Ndani ya ku mna nini? Ni kama kuulizwa ndani ya nyundo mna nini.

"Samaki?" mkaguzi aliuliza mwingine.

"Sa."

"Na ndani ya sa?"

Shingo zote nyuma.

"Shikamoo, mzee," mkaguzi alisema.

"Marahaba."

"Mbona watoto wanakutazama wewe?"

"Natengeneza dirisha, mama."

"Na hicho kidole?"

Fundi akakitazama kidole chake kama cha mtu mwingine. Akakishusha.

Mkaguzi akageukia ubao, akawa anatazama picha zilizobandikwa ukutani. Akasema, mgongo ukiwa kwa Mwalimu, "Hawa wanapasua neno vizuri, Mwalimu, lakini sauti moja moja hawana. Mlifika huko?"

Mwalimu alikuwa anawatabasamia watoto.

"Mwalimu?"

Mwalimu alitabasamu tu.

"Mwalimu, nakuuliza."

Mtoto mmoja wa mbele akamvuta Mwalimu sketi, akamwonyesha mgeni kwa kidole. Mwalimu akageuka, akaona mdomo uliokwisha kufunga. Akatazama nyuma kwa mumewe amwambie kimesemwa nini. Fundi alijaribu kulisema kwa midomo bila sauti, lakini lilikuwa neno refu, na yeye mwenyewe hakulielewa.

Mkaguzi akaelewa. Akakaa kwenye dawati la watoto, akaweka mkono shavuni. Hakumfokea mtu.

Mkuu naye hakufoka. Kesho yake alimwita Mwalimu ofisini, akamwandikia kwenye karatasi kwa herufi kubwa kama anamwandikia mtoto. Atabaki shuleni. Atapanga vitabu stoo. Heshima yake iko palepale. Mwalimu akasoma, akakunja karatasi, akauliza darasa atapewa nani.

Alipewa kijana mmoja, na kijana aliwapanga watoto mbele ya ubao, a e i o u, ba be bi bo bu, wote kwa pamoja, asubuhi hadi mchana. Bibi Harusi hakuwamo. Mama yake alimwondoa shule. Alisema mtoto ameaibika mbele ya wageni, na nyumbani kuna kazi. Fundi alikutana na Bibi Harusi kisimani. Msichana akamwamkia vizuri, kisha macho yake yakashuka kwenye mkono wa Fundi, yakangoja. Fundi aliuficha mkono nyuma kama aliyeiba.

Nyumbani Mwalimu alimkalisha Fundi kwenye mwanga. Akaweka vidole viwili kooni mwake.

"Sema kuku."

"Kuku."

"Sema sauti ya kwanza tu."

"Ku."

"Midomo imebana. Hiyo ni u. Iache hiyo, nipe ya mwanzo."

"Mwalimu, nikiitoa hiyo hakuna kuku."

Alilisoma hilo lote mdomoni mwake bila kurudiwa. Akaondoa vidole.

"Nilikupima kwa paka na panya," alisema taratibu. "Pa na pa, kipande kizima ni kilekile. Anayejifunza ualimu mwezi wa kwanza asingefanya hivyo."

"Nilidhani wanapata."

"Kwa unavyosikia wewe, walipata. Na mimi niliiona midomo yao inabana, Fundi. Niliiona kila siku. Nikasema macho yangu yamezeeka. Nikaamini kidole chako."

Fundi akakunja kidole gumba ndani ya ngumi.

Mwalimu alikwenda stoo siku chache. Vitabu vilipangika, hapakuwa na wa kuvivuruga. Akaacha. Dukani aliwahi kuagiza kitu kwa sauti kubwa, watu wakageuka, kijana mmoja akamwiga, wenzake wakacheka. Mwalimu aliviona vicheko. Kuanzia hapo ile sauti iliyomshusha Fundi kutoka juu ya paa ikawa inapungua. Alinong'ona. Baadaye akawa anaonyesha kwa mkono.

Walijaribu kuandika. Lilikuwa wazo la dada mtu.

"Shemeji, jifunze uandike, uongee na mkeo. Au unangoja mimi nije kukuandikia kila jambo? Hata ya chumbani?"

"Ya chumbani hayaandikwi."

"Basi jifunze haya mengine."

Mwalimu alimpa chaki. Mkono wa Fundi ulizoea mistari, akachora herufi nzuri kuliko za Mkuu. Ungemwonyesha neno, angelinakili ukadhani limechapwa na mtambo. Lakini kutoka mdomoni kwake hadi kwenye kibao hapakuwa na njia. Alikuwa na neno kamili, zima, limelehemiwa pande zote, na alilizunguka asione pa kulifungulia. Mwalimu alingoja. Alikuwa na subira ya miaka yote ya darasa la kwanza. Lakini mwalimu asiyesikia atamsahihishaje mwanafunzi asiyesikia alichosema? Fundi alinong'ona ku, akaandika chochote. Mwalimu alisoma chochote hicho, akatikisa kichwa, akafuta. Mwishowe akasema, "Basi, Fundi. Umechoka." Hakuwa amechoka. Aliyechoka ni Mwalimu.

Waliishi hivyo. Walikula wakitazamana. Fundi alimwambia mambo mafupi, maji, chai, mvua inakuja, kwa sababu mafupi yalisomeka. Alikuwa na marefu. Alitaka kumwambia kuhusu ile siku ya paa. Alitaka kumwuliza kama kweli ni nyundo. Aliyaanza, akaona uso wake unavyohangaika kuyafuata, akayageuza kuwa chai.

Baridi ilipoingia kifua kilimkamata Mwalimu. Hospitali walimpa dawa, wakampa ruhusa arudi nyumbani, na Fundi alijua ruhusa ya namna hiyo maana yake nini. Alimlaza karibu na dirisha, yeye akakaa upande ambao jua lingempiga usoni.

Asubuhi moja Mwalimu alifumbua macho, akazungumza kwa sauti. Hakunong'ona.

"Watoto wangu wanaendeleaje?"

Fundi alikuwa na jibu fupi. Hawajambo. Lingesomeka. Lakini hakutaka kumdanganya tena, na yale marefu yote yakamjia kwa pamoja. Akaanza kumwambia. Kwamba wanaimba a e i o u kutwa. Kwamba Bibi Harusi anachota maji. Kwamba yeye, Fundi, hukaa uwanjani anasema kuku, kuku, kuku, mpaka majirani wanadhani amerukwa na akili, na bado haoni ndani mna nini. Kwamba angempa masikio haya yote mawili kama yangetoka. Alisema mengi kuliko aliyopata kusema maisha yake yote, na huku anasema analia, na midomo inatetemeka, na midomo inayotetemeka haisomeki.

Mwalimu aliitazama midomo hiyo hadi ikasimama. Kisha akatikisa kichwa mara moja, kukubali, vile vile alivyokuwa akimkubalia mtoto aliyepata. Akafumba macho. Kufika mchana hakuwapo tena duniani.

Fundi hakujua amekubali nini. Hadi leo hajui.